Mwongozo kamili wa kuchagua MiFi itakayoshika 4G nyumbani kwako

Malalamiko kuhusu MiFi, zile rauta ndogo za kubeba, ni yale yale. "Dukani ilikuwa inakimbia, nyumbani inashika H+ tu, yaani 3G." "Bando la mwezi limekwisha kabla ya wiki." "Inajizima yenyewe." Mara nyingi kifaa hakina ubovu wowote. Mnunuzi alianza na kifaa, akatafuta laini ya kuweka, na mwisho kabisa ndipo akagundua kwamba sebuleni kwake mtandao ule haufiki vizuri.

Hapa tunaanza upande wa pili: kwanza mahali, kisha laini, kisha masafa, na kifaa kinakuja mwishoni. Ukiruka hatua ya 2 na ya 3, hatua nyingine zote ni kubahatisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda dukani

- Simu ya Android yenye 4G.
- Laini za mitandao miwili au mitatu, kila moja ikiwa na bando dogo. Huna haja ya kusajili laini mpya kwa ajili ya jaribio. Azima ya jirani au ya mdogo wako kwa nusu saa.
- Pini ya kutolea laini.
- Pawabenki au chaja, pamoja na waya unaouamini.
- Simu ya pili au kompyuta mpakato, ya kuunganisha kwenye MiFi wakati wa kuijaribu.
- Kalamu na karatasi. Namba zitakuwa nyingi na ukifika Kariakoo utazisahau.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni MiFi unayohitaji

MiFi ni rauta ndogo yenye betri na sehemu ya kuweka laini. Inachukua intaneti ya simu na kuigawa kwa Wi-Fi. Haina muujiza wa ziada.

Kama uko peke yako na unaunganisha kompyuta mara chache, hotspoti ya simu yako inatosha. Hasara yake ni kwamba simu inapata joto, chaji inashuka haraka, na ukiondoka na simu, wengine wanabaki bila intaneti.

Kama ni familia iliyotulia nyumbani na umeme haukatiki sana, nunua rauta ya kuchomeka ukutani. Antena zake ni kubwa zaidi, Wi-Fi yake inafika hadi chumba cha mwisho, na hakuna betri ya kuvimba. Watu wengi walioniambia MiFi yao "haina nguvu" walikuwa wanaitumia kwa kazi ya rauta ya ukutani: nyumba ya vyumba vinne, runinga moja, simu sita, imechomekwa usiku na mchana.

Modemu ya kuchomeka kwenye USB ni rahisi kwa bei, lakini zile za kawaida huhudumia kompyuta moja tu.

MiFi inamfaa anayehamahama: mwanafunzi wa hosteli, wakala, mwandishi, fundi wa mitambo, timu ndogo inayofanya kazi leo Mbagala na kesho Kibaha. Inamfaa pia anayetaka bando la kazi likae mbali na bando la simu yake.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja kwa sentensi moja nani watatumia, wapi, na kwa saa ngapi kwa siku. Usipoweza, bado hujafika wakati wa kutoa hela.

## Hatua ya 2: Pima mtandao pale pale utakapokaa

Usipime barabarani wala juu ya paa. Pima mezani, kitandani, kwenye kibanda cha biashara, popote kifaa kitakapokaa kweli.

Weka laini ya kwanza kwenye simu, zima Wi-Fi, kisha bonyeza `*#*#4636#*#*` kama unayepiga simu. Simu nyingi za Android zitafungua ukurasa wa siri wenye taarifa za simu. Kwenye Samsung jaribu `*#0011#`. Ikigoma, pakua programu ya Network Cell Info Lite.

Tafuta neno RSRP. Ni nguvu ya mawimbi ya 4G, na huandikwa kwa namba hasi, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -110. Isome hivi:

- -90 au karibu zaidi na sifuri: nzuri sana.
- Kati ya -90 na -105: inafanya kazi bila shida kubwa.
- Kati ya -105 na -115: inaweza kukatakata, hata mtu akifunga mlango tu.
- Chini ya hapo: achana na mtandao huo kwa mahali hapo.

Vistari vya mawimbi vilivyo juu ya kioo visikudanganye. Kila kampuni ya simu huamua yenyewe kistari kimoja kina maana gani.

Baada ya kusoma RSRP, pima kasi. Fanya hivyo mara mbili: asubuhi, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Mnara unaweza kuwa karibu kabisa, RSRP ikapendeza, lakini usiku mtaa mzima ukawa umeukalia. Hapo kifaa chochote utakachonunua kitakwama vile vile, hata kile cha bei mbaya.

Rudia kwa kila laini. Wanaoishi kwenye nyumba za zege nene au chini ya bati wapime pia karibu na dirisha. Mara nyingi tofauti ya mita moja inaonekana waziwazi kwenye RSRP.

Tahadhari: usichague mtandao kwa sababu unasifika mjini. Kuna mtaa Vodacom inatamba na Halotel inasinzia, na ukivuka bonde mambo yamegeuka.

Umefaulu ikiwa una jina la mtandao mmoja ulioshinda, na wa pili wa akiba.

## Hatua ya 3: Andika bendi ambazo mnara wako unatumia

Hapa ndipo hela nyingi hupotea.

4G husafiri kwa masafa tofauti, na kila kundi la masafa lina namba inayoitwa bendi. Kifaa kisichokuwa na bendi ya mnara wako hakiisikii 4G yake kabisa. Hakitakuambia kwamba hakiisikii. Kitashuka kimyakimya hadi 3G, kitaandika H+ au 3G, nawe utadhani mtandao ni mbovu.

Kwenye ukurasa ule ule wa hatua ya 2, au ndani ya programu, tafuta neno Band na namba yake. Kwa Afrika Mashariki utakutana zaidi na hizi:

- Bendi 3, yaani 1800 MHz. Imeenea mno mijini.
- Bendi 20, yaani 800 MHz. Inafika mbali na inapenya kuta.
- Bendi 28, yaani 700 MHz. Tabia yake ni kama ya 20, na vijijini ni mkombozi.
- Bendi 1 (2100 MHz), 7 (2600 MHz) na 40 (2300 MHz), kutegemea mtandao na eneo.

Masafa ya chini husafiri mbali na kupita ukutani. Ya juu hubeba data nyingi lakini huchoka haraka. Ndiyo maana nakushauri utafute kifaa chenye 3, 20 na 28 kwa pamoja. Angalia sana 28. MiFi nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zina 3 na 20 lakini hazina 28, na hizo ndizo zimejaa kwenye meza za mitumba.

Sasa kuhusu zawadi kutoka ughaibuni. Ndugu aliyeko Marekani akikuambia anakutumia MiFi, mwombe kwanza namba ya modeli. Mitandao ya kule hutegemea zaidi bendi 2, 4, 12, 13, 66 na 71, na vifaa vingi vinavyouzwa na makampuni yake vimefungwa pia kwa kampuni husika. Kinaweza kuwa kizuri kuliko vyote vya Kariakoo na bado kisikufae kwa lolote. Mwambie kwa upole atume hela.

Umefaulu ikiwa karatasi yako ina kitu kama "Airtel, sebuleni, RSRP -94, bendi 28".

## Hatua ya 4: Soma namba kamili ya modeli

Jina la kwenye boksi halitoshi. Huawei E5573, kwa mfano, ina matoleo mengi, kila moja na tarakimu zake baada ya kistari, na bendi hazifanani. Mbili zinaweza kukaa kando kando kabatini, rangi moja, boksi moja, moja ikakufaa na nyingine isikufae.

Fungua mfuniko wa nyuma, toa betri, soma kibandiko. Piga picha. Kisha tafuta namba hiyo yote mtandaoni pamoja na neno "bands", ulinganishe na karatasi yako. Fanya hivyo ukiwa bado dukani, kabla ya kutoa hata shilingi.

Vitu vingine vya kutazama kwenye maelezo, kwa umuhimu wake:

Betri. TP-Link M7200 ina betri ya 2000 mAh na mtengenezaji anaitaja kuwa ya saa 8 hivi. Huawei E5577 imetoka na betri ya 1500 mAh na nyingine ya 3000 mAh, kwa hiyo uliza ipi. Saa za kwenye boksi hupimwa katika hali nzuri. Mnara ukiwa mbali, kifaa hujikakamua na betri inaisha mapema, hivyo panga kwa kupunguza theluthi moja.

Tundu za antena ya nje. E5577 inazo mbili, chini ya vifuniko vidogo pembeni. Kama RSRP yako iko kwenye -105 kwenda chini, kigezo hiki kinapanda kuwa cha kwanza.

Wi-Fi ya 2.4 na 5 GHz. Nyingi za bei ya chini zina 2.4 peke yake. Kwa hosteli yenye Wi-Fi kila chumba, 5 GHz inasaidia kweli. Kwa nyumba ya kawaida, usiilipie.

Idadi ya watumiaji. Boksi likisema 10, maana yake kumi wanaweza kuunganishwa. Halijasema kumi watatazama video.

Kasi. MiFi za 4G za kawaida zimeandikwa 150 Mbps. Mnara wako ukikupa 15 jioni, iliyoandikwa 300 nayo itakupa 15. Pita.

Kuhusu 5G: Vodacom iliiwasha Tanzania Septemba 2022, na mitandao mingine imefuata, ila imejikusanya mijini. Kama simu yako haikuonyesha 5G pale mezani kwako, MiFi ya 5G ni gharama ya bure na hula betri zaidi.

## Hatua ya 5: Ijaribu dukani kwa laini yako

Muuzaji atakuambia, "Boss, hii inakubali laini zote." Anaweza kuwa mkweli, lakini anazungumzia kufunguliwa tu. Laini kukubalika na bendi kuwepo ni mambo mawili, na la bendi umeshalimaliza wewe mwenyewe.

Fuata mpangilio huu:

1. Weka laini ya mtandao ulioshinda. Kama laini ni ile ndogo kabisa na tundu ni kubwa, tumia adapta ya plastiki yenye mgongo. Ile iliyo wazi hukwama ndani na kung'oa pini za kusomea laini wakati wa kuitoa. Nimeona zikifa hivyo nyingi.
2. Washa, subiri dakika mbili, uone kama inaandika 4G.
3. Toa, weka laini ya mtandao mwingine kabisa. Ikidai namba ya kufungulia, kifaa kimefungwa kwa mtandao mmoja. MiFi zinazouzwa na makampuni ya simu kwa bei ya punguzo huwa hivyo mara nyingi. Si kosa kununua iliyofungwa kama mtandao huo ndio ulioshinda kwako, ila bei ishuke, na ujue kwamba ukihama mtaa au ukivuka Namanga kuingia Kenya ukataka kuweka laini ya Safaricom, umekwama.
4. Unganisha simu, fungua kivinjari, andika `192.168.8.1` kwa Huawei au `192.168.0.1` kwa TP-Link na ZTE nyingi. Humo utaona IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kifaa. Ilingane na ya kwenye kibandiko na ya kwenye boksi. Zikitofautiana, kifaa kimechezewa. Rudisha.
5. Tuma IMEI hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Ni huduma ya kuhakiki ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na jibu litakuambia kifaa gani kimesajiliwa kwa namba hiyo. Likija jina la simu ya tochi wakati umeshika MiFi, ondoka.
6. Weka kifaa juu ya kioo cha kabati na ukizungushe kwa kidole. Kikizunguka kama pia ya watoto, betri imevimba na imesukuma mfuniko.

Mwisho dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya modeli, na mkubaliane kwa maandishi siku za kurudisha. Fundi akikuambia atakifungua kwa kukiflashi, yaani kukiwekea upya programu yake ya ndani, mwache akifungue kwanza, ukijaribu, ndipo ulipe. Kuna vinavyorudi vikiwa vimefunguka lakini IMEI imefutika.

Umefaulu ikiwa kifaa kimeandika 4G kwa laini mbili tofauti (au kwa ile iliyoshinda tu, kama umekubali kilichofungwa), IMEI zimelingana na umeona jibu la 15090 kwa macho yako.

## Hatua ya 6: Chagua pawabenki bila kudanganywa

Umeme ukikatika, MiFi bila pawabenki ni ya nusu siku.

Namba ya 10,000 mAh kwenye pawabenki inahesabu betri za ndani zenye volti 3.7. Ikitoka kwenye USB kwa volti 5, na kwa joto linalopotea njiani, inabaki 6,000 hivi. Hiyo inajaza MiFi ya 2000 mAh mara tatu. Watengenezaji waaminifu huiandika namba hii ya pili kwa herufi ndogo nyuma. Kama haipo kabisa, shuku.

Pima pia kwa mkono. Ya 10,000 halisi ina uzito wa gramu 200 hivi. Inayojitangaza 50,000 huku inapotea kiganjani ni plastiki na maneno.

Anayesafiri kwa ndege abebe isiyozidi 100 Wh, ambayo ni kama 27,000 mAh, tena kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi.

## Hatua ya 7: Washa na upange mambo siku ile ile

Ingia tena kwenye anwani ya hatua ya 5. Mara nyingi jina la kuingilia na neno la siri ni `admin` kwa `admin`, au yapo kwenye kibandiko. Badilisha hapo hapo. Mpangaji mwenzako anaijua hiyo `admin` kama unavyoijua wewe.

Badilisha jina la Wi-Fi na neno lake la siri, na uchague ulinzi wa WPA2 au zaidi.

Kama 4G inaonekana lakini kurasa hazifunguki, mara nyingi tatizo ni APN, yaani mpangilio unaoiunganisha laini na intaneti ya mtandao wake. Chukua simu ambayo laini hiyo hiyo inafanya kazi, fungua mipangilio ya mtandao, nakili APN neno kwa neno, iweke kwenye MiFi.

Kisha tafuta sehemu ya kulala. Hii ndiyo ile "inajizima yenyewe". MiFi nyingi huzima Wi-Fi baada ya dakika chache zikiona hakuna aliyeunganishwa, ili kuokoa betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia, inaamka. Usipoipenda tabia hiyo, ongeza muda au uizime kabisa unapokuwa na umeme.

Kama kuna chaguo la umbali wa Wi-Fi, weka mfupi ukiwa chumba kimoja nayo. Betri itadumu zaidi.

Iweke karibu na dirisha, juu, mbali na friji na vyuma. Fungua ukurasa wa mawimbi ndani ya kifaa, hamisha hatua moja moja, subiri nusu dakika kila mara, na uache pale RSRP ilipo bora. Dirisha lenye jua la mchana lisiwe chaguo lako. Joto huua betri.

Tahadhari: usiiache kwenye chaja usiku na mchana kwa miezi. Hapo ndipo betri huvimba. Ikivimba usiitoboe wala usiibane. Acha kuitumia na utafute nyingine.

## Hatua ya 8: Zuia bando lisiyeyuke

Bando haliibiwi na mtandao kama wengi wanavyoamini. Simu yako ikiunganishwa na MiFi inaona Wi-Fi, na kwa simu, Wi-Fi ni bure. Basi inaanza kazi zote ilizokuwa imeziahirisha: kupandisha picha na video Google Photos, kusasisha programu, WhatsApp kupakua kila video ya kundi la ukoo. Kompyuta nayo inashusha masasisho ya Windows.

Kwa kila kifaa kinachounganishwa:

- Kwenye Android, gusa jina la Wi-Fi yako, tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao, uchague kwamba inapimwa.
- Kwenye Windows, ingia kwenye sifa za Wi-Fi hiyo, washa "Metered connection".
- Kwenye WhatsApp, ondoa alama zote za kupakua yenyewe kwa Wi-Fi.
- Kwenye YouTube, shusha ubora hadi 480p. Saa moja hapo hula nusu GB hivi. Kikao cha video cha watu wengi hula GB moja na zaidi.

Kwenye ukurasa wa MiFi weka pia kikomo cha matumizi ya mwezi, kikuonye kabla ya kuisha.

Kununua bando, andika pembeni namba ya laini iliyomo ndani na uinunulie kutoka kwenye simu yako, kwa kuwa MiFi nyingi hazikupi njia rahisi ya kupiga `*` na `#`. Kabla ya kulipa, soma kama bando ni la intaneti yote. Yale ya mitandao ya kijamii pekee yatakufungulia WhatsApp na kuikataa barua pepe ya ofisi.

Umefaulu ikiwa umeiacha MiFi imewaka usiku kucha, simu mbili zimeunganishwa, na asubuhi matumizi hayajafika hata MB 100.

## Ikibaki na kasoro baada ya yote haya

Inaandika H+ ingawa bendi ipo: ndani ya mipangilio, chagua 4G peke yake badala ya kuiachia MiFi ichague yenyewe. Ikipoteza mtandao kabisa, RSRP haitoshi hapo ilipo, ihamishe.

4G imejaa, kasi hakuna: tazama namba ya SINR, yaani usafi wa mawimbi, kwenye ukurasa wa mawimbi. Juu ya 13 ni safi. Karibu na sifuri au chini yake, mawimbi yanagongana, na kukihamishia kifaa upande mwingine wa nyumba mara nyingi husaidia kuliko kukisogeza karibu na dirisha.

Inapata joto na kujizima wakati inachajiwa huku watu wanaitumia: chaji kwanza, au toa kava la mpira.

Inapoteza laini kila baada ya dakika chache: safisha laini kwa kitambaa kikavu, uirudishe. Ikiendelea, jaribu laini nyingine. Laini ya pili ikifanya vivyo hivyo, tundu ni bovu, na kama siku mlizoandikiana hazijapita, chukua risiti yako uirudishe dukani.